Picha ya Kichwa Changu Kikiwa Hakifanyi Kitu

Ndaga, wewe uliyeshika karatasi hizi. Ndilo neno letu Wanyakyusa la kushukuru, na ukiamkiwa unaitikia nalo hilo hilo, hatupotezi. Mimi ni Ambakisye wa Kinyala, huku Rungwe kwenye chai na migomba. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mimi natamka na mwingine anaandika. Nimemwomba aandike ninavyosema, asininyooshe. Kama umepigwa na kiharusi, au unamuuguza aliyepigwa, kaa hapa tuongee. Nina habari nzuri! Nitafika, ila mimi nina tabia ya kupita kwa jirani kabla ya kufika ninakokwenda.

Kwanza nikiri kosa langu. Nilikuwa na presha. Nilipewa vidonge hospitali ya Tukuyu, nikameza, nikajisikia mzima, nikaviacha juu ya kabati. Mke wangu Subilaga alikuwa akivifuta vumbi kila Jumamosi, kama vile ni pambo. Usifanye hivyo. Nimemaliza mahubiri, tuendelee.

Ilikuwa mwanzo wa mvua, watu wanapanda mahindi. Nilikuwa kwenye chai yangu. Kuchuma chai ni kazi ya mikono miwili isiyongoja macho: mmoja unachuma, mwingine unachuma, kinywa kinapiga soga na jirani, na kikapu kinajaa mgongoni. Asubuhi ile mkono wa kulia ukaacha. Haukuuma. Uliacha tu, kama mfanyakazi aliyekasirika. Nikautazama ukining'inia juu ya majani, nikataka kumwambia jirani, "We, tazama mkono wangu!" Kikatoka kitu kingine. Kikatoka, "Kesho."

Nikajaribu tena. "Kesho, kesho."

Nikaanguka katikati ya mistari ya chai, na majani niliyochuma yakanimwagikia kichwani.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, maana neno lile halikutoka hewani. Kwetu kuna mila ya mkamwana na baba mkwe. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hali naye, hapiti mbele yake. Wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani, anampa mgongo, anajifunika khanga mpaka mzee apite. Ni heshima. Vijana wengi wameiacha, na mjini Ibighi utamwona mkamwana na mkwewe wanatazama mpira kwenye kochi moja. Kwangu haikuachwa. Kuna njia ya kuimaliza lakini, na katika ukoo wetu ni moja: baba mkwe mwenyewe, kwa kinywa chake, amwambie, "Mwanangu, inua uso." Basi. Baba yangu alimwambia Subilaga hivyo kabla mwaka haujaisha.

Mwanangu Lusajo alimwoa Bupe kutoka Matwebe. Binti amemaliza kidato cha nne, anakamua ng'ombe, anacheka kwa sauti. Nilikuwa nasikia kicheko chake jikoni na sijui kina meno gani. Subilaga alikuwa akiniambia, "Mume wangu, mfungue mtoto wa watu." Nami najibu, "Kesho." Mwaka ukaisha. "Mfungue." "Kesho." Kwa nini? Nitasema ukweli kwa kuwa nimekwisha kuwa mzee wa kusema ukweli: nilipenda kuona migomba ikitikisika nikipita. Unajiona chifu. Miaka sita nilisema kesho, na siku Mungu aliponyang'anya maneno yangu yote aliniachia hilo moja. Kyala, ndivyo tunavyomwita Mungu, ana utani wake.

Basi nikalazwa Tukuyu. Ninachokumbuka zaidi si dawa, ni dari. Kulikuwa na alama ya maji kwenye dari yenye umbo la ng'ombe asiye na pembe, nikaichunga wiki nzima. Mate yalikuwa yananitoka upande mmoja. Nilivalishwa kama mtoto, nikaoshwa na mke wangu mbele ya wanaume wenzangu wodini, na hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake. Muuguzi mmoja, mgeni wa huku, alininyoa ndevu asubuhi ya Jumapili bila kuombwa. Sijui jina lake. Yule nitamwombea mema mpaka nife.

Kichwani maneno yalikuwepo, sikiliza vizuri hapa, wewe unayemuuguza mtu! Nilimjua kila mtu. Nilijua nataka nini. Tatizo lilikuwa mlangoni. Subilaga ananiuliza, "Utakunywa uji?" Nasema ndani, ndiyo, nina njaa, lete. Nje linatoka, "Kesho."

"Haya," anasema, anaondoka na uji.

Tulirudi nyumbani na hali hiyo. Jirani anakuja kunipa pole: "Mzee, unaendeleaje?" "Kesho." Mchungaji: "Tuombe?" "Kesho!" Watu walikuwa wakitoka nje kucheka, halafu wanarudi na nyuso za msiba. Lakini siku moja Subilaga aliketi kando ya kitanda, akanishika mkono ule uliokufa, akasema taratibu, "Mume wangu, umeonja kaburi. Sasa utamfungua Bupe?"

Nilitaka kusema ndiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu duniani. Nikavuta pumzi mpaka kitanda kikalia.

"Kesho," nikasema.

Akaniachia mkono. "Hata mauti hayakukufundisha," akasema, akaenda jikoni, nami nikamsikia akilia na Bupe akimbembeleza.

Sasa aingie daktari. Maharage yalikuwa yametoa maua alipokuja mara ya kwanza. Anaitwa Daktari Nyamizi, Msukuma, mrefu, amesoma mambo ya ubongo mpaka mwisho wa vitabu. Alikuwa akitafuta watu waliopigwa na kiharusi wakapoteza kusema, ili apige picha vichwa vyao kwa mashine iliyoko Mbeya. Lusajo alimuuliza kama mwenye shaka, "Daktari, hiyo mashine itamponya baba?"

"Hapana," akasema. "Sitaki kuwadanganya. Haitamponya. Itanifundisha mimi, na mimi nitawafundisha wengine. Picha ya kwanza sasa, ya pili baada ya miezi. Akikataa, tunabaki marafiki."

Nilimpenda papo hapo. Mtu anayekuja nyumbani kwako akakuambia hakuletei kitu, huyo ni mwaminifu.

Akaeleza kazi yake, akaona vikapu vyetu vya chai ukutani, akavitumia. "Mzee, kichwani mna wachumaji wengi, kila mmoja na mstari wake. Wenzangu wengine wanatazama nani anachuma vizuri. Mimi natazama nani anaitikiana na nani. Wawili wanaweza kuwa mbali kabisa, mmoja huku na mmoja ng'ambo ya shamba, lakini ukiwatazama kwa muda unaona wanainuka pamoja, wanainama pamoja. Hao wanasikilizana. Kiharusi kinakata mazungumzo."

"Na baba atafanya kazi gani humo ndani?" akauliza Lusajo.

"Hakuna. Alale tu, asifanye kitu. Ndiyo picha ninayoitaka."

"Picha ya mtu asiyefanya kitu?"

"Msimamizi akiwepo, kila mchumaji anamtii yeye. Wakati wa kupumzika ndipo unamjua nani rafiki wa nani."

Jamani! Miaka yangu yote kwenye chai nimeliona hilo jambo na sikujua ni elimu! Niligonga kitanda kwa mkono wa kushoto, nikapaza sauti, "Kesho! Kesho!" Daktari akadhani nakataa. Ikabidi nishike karatasi yake na kuminya kidole gumba juu yake mara tatu, wino mpaka kwenye shuka.

Tulikwenda Mbeya kwa gari la daktari. Kwenye chumba cha kungojea tulikuwa wazee watano, na wote hatusemi sawasawa. Hebu jaribu kuwaza kikao hicho. Mmoja alikuwa anaimba namba, mwingine analia kila akitaka kucheka. Mama mmoja aliniuliza kitu kirefu kisicho na neno hata moja la kweli, nikamjibu kesho, akaridhika kabisa. Sikuwa nimepata mazungumzo mazuri kama yale tangu niugue.

Walinivua mkanda, wakaniuliza kama nina chuma mwilini. Nikalazwa kwenye kibao, kichwa kikafungiwa ndani ya kitu kama tenga la kuku, nikasukumwa kwenye tundu. Makelele yake, mwenzangu, usiogope: kwanza kama mtu anapiga bati, kisha kama mashine ya kukoboa mahindi imekosa mahindi. Mbele ya macho kuna kioo kidogo, na kwenye kioo unaona maandishi kutoka nje. Sauti ya daktari ikaingia masikioni: "Mzee, tazama msalaba ulioko mbele yako. Usilale. Usiwaze kitu chochote."

Nikatazama. Kweli kulikuwa na msalaba mweupe katikati ya giza.

Hapo nilifanya kama ambavyo angefanya mzee yeyote wa kanisa kutoka Kinyala. Nilishangaa kwamba mashine ya kisasa hivyo imewekewa msalaba, nikajua daktari ni mcha Mungu, na ile "usiwaze kitu" nikaielewa kuwa niache mambo ya dunia. Basi nikasali. Nilisali kwa mpangilio: wafiwa, wagonjwa, mvua, ng'ombe, serikali. Kisha nikafika kwa Bupe, nikakwama hapo. Nikayarudia yale maneno ndani ya kichwa, kwa Kinyakyusa, hapa nayatia Kiswahili: Mwanangu, inua uso. Mwanangu, inua uso. Ndani yalitoka bila kasoro. Nilirudia mpaka bati likaacha kupigwa.

"Vipi mzee, umepumzika?" akauliza daktari.

"Kesho," nikasema, machozi yananitoka hadi kwenye masikio.

Masika yakaingia. Rungwe mvua ikianza huoni ng'ambo ya bonde, unasikia tu migomba ikipigwa. Daktari akaja katikati ya mvua hiyo, viatu mkononi, kompyuta ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuwa na furaha. Akaketi sebuleni kwetu na mimi, Subilaga na Lusajo. Bupe, kama kawaida, alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mabanzi, na mtoto Ipyana mgongoni.

"Nina swali," akasema daktari. "Picha ya mzee haifanani na ya mtu aliyepumzika. Inaonekana kama mtu aliyekuwa akifanya kazi ngumu. Wenzangu wanasema niiondoe. Mzee, kule ndani ulikuwa ukifanya nini?"

"Kesho," nikasema. "Ke... kesho." Nikanyoosha kidole juu, nikafunga macho, nikaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Daktari ananitazama.

"Alikuwa na usingizi?" akauliza.

"Alikuwa na baridi," akasema Subilaga. "Huyu baridi imemwingia mifupani, nilisema apewe sweta."

"Anataka chai," akasema Lusajo.

Ndipo kikasikika kicheko nyuma ya ukuta. Kisha sauti ya Bupe ikapita kwenye nyufa za mabanzi, alikoiona mikono yangu tu: "Samahani, daktari. Baba alikuwa anasali. Mmemwonesha nini humo ndani?"

"Msalaba tu. Wa kutuliza macho. Ni alama, kama ya kujumlisha."

Bupe akacheka mpaka mtoto akaanza kulia. "Daktari! Mmemwekea mzee wa kanisa msalaba halafu mnamwambia asiwaze kitu?"

"Mtu huyu!" akadakia Subilaga akipiga makofi. "Mtu huyu hata akiona misumari miwili imepishana anavua kofia!"

Daktari Nyamizi akashika paji la uso. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akaweka kompyuta chini. "Nimesoma miaka yote hiyo," akasema, "na hakuna aliyenifundisha hilo. Kuanzia leo naweka nukta."

Alipotulia akageuza kompyuta nione. Haya, sikilizeni! Niliona kichwa changu! Kichwa kilichovaa kofia miaka yote hii, kimechorwa kama kijiji usiku wa sikukuu, nukta na nyuzi, nyuzi nyingi upande mmoja, upande wa pili chache, na penye kiharusi peusi kabisa. Daktari akaweka kidole kando ya weusi ule. "Picha moja haitoshi kusema mengi. Nitasema hili tu: majirani wa hapa niliwadhania wamenyamaza. Hawajanyamaza wote. Wakati unasali walikuwa wanaitana."

Wapo hai! Nilitaka kucheza. Nilikuwa nimekaa miezi nikidhani shamba langu limekufa, kumbe wachumaji wamekaa tu chini ya mvua wanangoja wa kuwaita!

"Anahitaji mazoezi," akaendelea daktari, akatoa karatasi iliyoandikwa na fundi wa kufundisha kusema wa Mbeya. "Asubuhi na jioni, kila siku. Mtu mmoja mwenye subira, uso kwa uso, amtazame mdomo. Na asimmalizie maneno." Hapo alimtazama Subilaga, Subilaga akatazama dari. "Huyo aliyesema nyuma ya ukuta ndiye anayemwelewa. Kwa nini haji hapa?"

Lusajo akamweleza mila yetu, na akaeleza kesho zangu zote, hakuficha hata moja. Daktari akanigeukia. "Kwa hiyo aliyekuelewa kuliko wote ndiye ambaye huwezi kumtazama?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Lusajo akaruka: "Basi! Baba ametikisa kichwa! Mama, umeona? Hiyo inatosha. Bupe, njoo!"

Bupe hakuja. Sauti yake ilitoka ukutani, safari hii haina kicheko. "Hapana, baba Ipyana. Miaka sita nimeingia migombani, hata na mimba, hata mvua ikinyesha. Nilikuwa nangoja neno. Sitafunguliwa kwa kichwa kilichotikiswa. Nitamfundisha kutoka hapa hapa. Lakini neno nalitaka."

Nilikasirika? Sikukasirika. Nilijiambia, mwanamke huyu ana haki, na sasa mimi nina kazi.

Tulianza kesho yake. Mimi nilikaa benchi la nje ya jiko na kioo cha kunyolea, nitazame mdomo wangu mwenyewe ulivyopinda. Yeye ndani, anapiga ndoo kwa mwiko, pigo moja kila kipande cha neno. "Mwa." Pigo. "Na." Pigo. "Ngu." Pigo. Nami: "Ke." Pigo. "Sho." "Hapana, baba. Funga midomo kwanza. Mmm. Kama ng'ombe anayemwita ndama." Hilo niliweza! Nililia mmm, na ng'ombe wetu bandani akaitikia mmm. Bupe akasema, "Huyo amekuelewa, tuendelee."

Subilaga alikuwa na wivu, siwafichi. "Siku hizi umeoa ukuta wa jiko," alisema. Kila nikifika "mwa" anadakia kwa mbali, "Mwavuli! Mwana! Mwaliko!" Siku moja nilimtupia kioo. Hakikumpata, kilivunjika, na tulikaa siku mbili hatuongei, ingawa mimi nilikuwa siongei tangu mwanzo. Siku ya tatu akaniletea kioo kipya kutoka sokoni Tukuyu, akakiweka benchini bila neno, akakaa pembeni akimenya ndizi, na tangu hapo hakunimalizia tena. Kuuguza kunachosha. Mgonjwa anadhani anayeumwa ni yeye peke yake.

Maneno yalirudi kwa mpangilio wao wenyewe. La kwanza lilikuwa "ndoo." La pili, mnisamehe, lilikuwa tusi, lilitoka nilipokanyagwa na ng'ombe, safi kabisa, na nyumba nzima ilishangilia. Mwishoni mwa masika nilikuwa na kama kumi na mbili. "Mwana" nilikuwa nayo. "Inua" inakuja nusu. Lakini nikiyapanga yote pamoja kwa ajili ya Bupe, kesho inasukuma wenzake inatoka mbele.

Kipupwe kikaingia, ule ukungu wetu wa baridi unaokaa mlimani hadi saa nne. Ikaja habari kutoka Matwebe: mama yake Bupe anaumwa miguu, hana wa kumsaidia. Bupe akamwambia Lusajo, nami niko nyuma ya ukuta uleule, zamu hii mimi ndiye niliyekuwa nikisikiliza: "Nakwenda kwa mama. Atapona au hatapona, sijui nitakaa muda gani. Lakini kwenye nyumba ambayo sionekani, sirudi. Baba akisema, nitarudi hata kwa miguu. Asiposema, utanifuata wewe Matwebe."

"Baba ni mgonjwa, Bupe."

"Najua. Mimi ndiye niliyempa ndoo."

Asubuhi ya safari sikungoja mtu anivalishe. Nilijivika koti kwa mkono wa kushoto, kifungo kimoja tu, nikachukua fimbo, nikaburuza mguu hadi pale njia yetu inapokutana na barabara ya chai. Nikasimama. Ukungu ulikuwa mzito, nikasikia kandambili zake kabla sijamwona. Akatokea na begi kichwani. Alipoona fimbo yangu, akafanya kama siku zote: akaingia migombani, akanipa mgongo, akavuta khanga usoni.

Na mgongoni alikuwa Ipyana. Mama ananipa mgongo, mtoto ananitazama! Macho makubwa, pua inatiririka. Sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja: kila mara Bupe alipojificha kwa heshima yangu, mtoto wake alikuwa ananitazama uso mzima. Akanicheka.

Nikafunga midomo. Mmm. "Mwa."

Bupe akasimama imara.

"Mwana. Mwanangu."

Kesho ikapanda kooni. Niliisikia, naapa, kama kikohozi. Nikamtazama yule mtoto, nikaipiga chini fimbo kama yeye alivyokuwa akipiga ndoo. "I." Fimbo. "Nu." Fimbo. "A." Nikapumua. "U. So."

Migomba ilikuwa ikidondosha umande. Hakugeuka. Nikadhani sikusema chochote, nikadhani nimesikia kwa ndani tu kama mle kwenye mashine.

Kisha akasema, bado kanipa mgongo, "Rudia, baba. Sikusikia vizuri."

Mwalimu gani huyu! Nikakusanya vyote. "Mwanangu, inua uso!" Nilipaza sauti hata mbwa wa jirani akabweka.

Akatua begi. Akashusha khanga. Akageuka. Alinitazama muda mrefu, kutoka kofia hadi ule mdomo uliopinda hadi kifungo kimoja. Ana mwanya mbele, ndio niliokuwa nausikia miaka sita katika kile kicheko.

"Kumbe baba una jicho moja dogo kuliko jingine," akasema.

Nikasema, "Ndoo."

Tulicheka hadi tukashikana mikono, jambo ambalo kwenye ukoo wetu halikuwahi kuonekana barabarani.

Alikwenda Matwebe, na alirudi ukungu ulipoondoka, mama yake akiwa anatembea. Nilimpa Bupe jogoo, kama mila inavyomtaka mkwe akishafungua. Tangu hapo mazoezi ni uso kwa uso, asubuhi na jioni, na maneno yalianza kurudi makundi makundi kama watu waendao sokoni. Mkono wa kulia bado mvivu. Nachuma chai kwa mmoja, kikapu kinajaa polepole. Vidonge vya presha nameza, Subilaga anahesabu.

Mahindi yalipokauka tulirudi Mbeya kwa picha ya pili. Tenga lile lile, bati lile lile. Kwenye kioo safari hii palikuwa na nukta. Daktari akasema, "Mzee, tazama nukta, usiwaze kitu." Nikajitahidi! Lakini ile nukta ukiitazama sana inakuwa mboni ya jicho, na jicho linapata uso.

Nilipotoka nikakiri. "Daktari, nimeharibu tena. Nimewaza."

Akacheka. "Kila mtu huwaza, mzee. Ndiyo maana tunapiga picha watu wengi."

Akatuonesha zote mbili, Bupe kakaa kando yangu. Weusi uko palepale, haukupungua. Lakini kando yake zilikuwepo nyuzi ambazo hazikuwepo, nyingine zimekata shamba zima hadi ng'ambo. Bupe akauliza, "Ni kwa sababu ya mazoezi?"

"Kwa mtu mmoja kazi yangu inanikataza kusema hivyo," akajibu daktari. Akafunga mlango. "Lakini sasa nasema kama Nyamizi, siyo kama daktari: mwangalieni alivyoingia na anavyotoka."

Nilipiga kelele za furaha mpaka wazee wa chumba cha kungojea wakapiga pia, bila kujua ni za nini.

Kwa hiyo wewe uliyepigwa, nakuambia: weusi hauondoki, usiupiganie. Tafuta wa kukuita. Na wewe unayeuguza, akikujibu neno lisilo lake, usiondoke na uji. Ngoja kidogo. Muulize tena.

Mvua zimeanza upya, watu wanapanda. Huyu anayeandika ni Bupe, amekaa mbele yangu mezani, na kila nikikwama ananitazama mdomo. Mkono wake umechoka. Ameniuliza, "Baba, tumalize leo au kesho?"

Nimemwambia, "Leo."